Niliwatangazia jamaa zangu wote kwamba daktari amekosea kuhusu mjukuu wangu, kisha ikabidi niwaambie upya

Wakuu, hamjambo.

Nimeambiwa humu kila mtu ni mkuu, hata mwanamke, hata mzee ambaye shule aliiacha kabla haijamzoea. Basi nipokeeni na ukuu wangu. Naandika kwa kidole kimoja na miwani imekwaruzika, herufi zikiruka mnisamehe. Lakini maneno hayataruka. Haya yamenipata mimi, nyumbani kwangu, na nitayasema yalivyo hata pale yanaponiaibisha.

Nimechoka. Niseme hilo mapema ili msije mkangoja vichekesho.

Sijachoka na kazi, kazi nimeizoea. Nimechoka na kueleza.

Mimi ni Mkamba, nakaa Mbotela, hapa Nairobi, tangu marehemu mzee wangu alipokuwa dereva wa kanjo, yaani baraza la jiji. Nauza muthokoi karibu na Jogoo Road. Kama huujui, ni mahindi yaliyotwangwa mpaka ganda likatoka, unayapika na maharagwe. Natwanga kwa kinu mwenyewe. Ya mashine ipo, lakini wateja wangu wakiionja wanairudisha kwenye sahani na kuniangalia kama nimewatukana.

Kifungua mimba wangu anaitwa Muthama. Ni dereva wa lori, leo yuko Mombasa, kesho Malaba. Yeye na mkewe Wanjiru wanakaa Donholm, gorofani, maji ndani, choo ndani. Najivuna kidogo hapo, mniache. Kile kinu ndicho kilimsomesha.

Wanjiru ni Mkikuyu wa Murang'a. Walipooana watu walisema hawatamaliza mwaka. Wale waliosema, wengi wao ndoa zao zimeisha.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana. Na kwetu, na hata kwao Wanjiru, msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba yake. Mimi ni Syombua. Kwa hivyo mtoto naye ni Syombua.

Sasa hapa mnisikize polepole, kwa sababu shida yote ilianzia hapa.

Kwetu mtoto akipewa jina lako, yeye ni wewe. Si maneno ya kupendezesha. Muthama hawezi kumwita binti yake Syombua, ni kama kumwita mama yake kwa jina kavu. Anamwita Mwaitu, yaani mama. Wanjiru naye ndiyo kabisa. Mke hamtaji mama mkwe wake kwa jina. Na mtoto mwenye jina la mama mkwe hafokewi, hachapwi, haambiwi "nyamaza" mbele za watu. Wanjiru anamwita Mami.

Mimi mwenyewe nilikuwa namwita Mimi. Nikipiga simu nauliza, Mimi ameamka? Mimi amekula? Wapita njia walidhani nimeanza kuzeeka kichwani.

Mtoto akakua. Akawa mkimya. Watoto wengine wa gorofa wakipiga kelele anaingia chini ya meza na kuziba masikio. Tulicheka. Tukasema huyu ni nyanya yake, nyanya hapendi kelele.

Alikuwa anapanga vifuniko vya soda kwenye dirisha, mstari mmoja umenyooka kama wa wanajeshi, na ukisogeza kimoja analia mpaka anatapika. Tukasema ni mfanyabiashara, usiguse bidhaa za mwenyewe.

Mgeni akija, hamwangalii. Anapita kama amepita kiti. Nikasema hicho ni kiburi changu, nilikuwa nacho nikiwa msichana, wanaume waliteseka.

Kila alichofanya kilikuwa na maelezo, na maelezo yalikuwa mimi. Na niwaambie ukweli, nilifurahi. Ukiwa mzee mjane unauza muthokoi, halafu kuna mtoto mdogo mrembo Donholm ambaye kila mtu anasema ni wewe umerudi, unatembea umenyooka.

Kumbe Wanjiru alikuwa anaona.

Alikuja kuniambia baadaye kwamba aliona tangu mtoto hajaanza kutembea. Lakini angeanzia wapi? Kusema "Mami ana kasoro" ni kusema mama mkwe ana kasoro. Alimeza, akameza, akameza tena. Mwalimu wa nasari ndiye aliyesema kwanza, na mwalimu ni mtu baki, hana mama mkwe hapo. Akamwambia Wanjiru mpeleke mtoto hospitali aangaliwe.

Akampeleka kimya kimya. Si mara moja, walimwita mara kadhaa, wakamwangalia akicheza, wakamuuliza Wanjiru maswali mpaka ya mimba. Muthama alikuwa barabarani. Mimi nilikuwa kwenye kinu. Hakuna aliyejua.

Jumapili moja baada ya kanisa nikaona Wanjiru ananijia nyumbani na sukari, unga, na rafiki yangu Mama Kioko, ambaye ni mzee wa kina mama kanisani kwetu.

Wakuu, nilipoona sukari na Mama Kioko pamoja nilijua ndoa imekufa. Mtu haji na msemaji kwa mama mkwe wake bure. Nikajiambia Muthama ameweka mwanamke huko Malaba. Nikaanza kumtukana rohoni kabla hawajaketi.

Chai ikanywewa. Wakaongea mvua. Wakaongea bei ya mahindi. Mwishowe Mama Kioko akaweka kikombe chini.

"Syombua, tumekuja kwa ajili ya yule wewe mdogo."

Nikauliza amekufa? Akasema la, hajafa, yuko salama kwa jirani. Kisha akamgusa Wanjiru goti. Wanjiru hakuniangalia. Alikuwa anaangalia sukari.

"Mama, daktari amesema Mami ana usonji."

Neno hilo sikuwa nimelisikia. Nikauliza ni ugonjwa gani, wa damu? Mama Kioko akasema ndiyo ile wanaita autism, iko kwenye redio siku hizi, ubongo wa mtoto umeumbwa tofauti, si wazimu, si uchawi, hauambukizi.

Mimi nikasikia jambo moja tu.

"Kwa hivyo ni mimi sina akili?"

Wanjiru alianza kulia bila sauti. Hilo ndilo nililowafanyia wakati walikuja kwangu na ukweli. Nilijiweka mimi katikati.

Halafu nikauliza huyo daktari amejuaje. Wanjiru akaeleza mambo mengi, lakini moja nililidaka kama mwizi. Alisema daktari alimwita mtoto kwa jina, mara kadhaa, na mtoto hakugeuka.

"Alimwita jina gani?"

"Jina lake, mama. Syombua."

"Na nani amewahi kumwita hivyo?"

Kimya.

Wakuu, nilipanda juu ya hicho kimya kama jukwaa. Mtoto hajawahi kuitwa Syombua hata siku moja maishani mwake. Baba anamwita Mwaitu, mama anamwita Mami, mimi namwita Mimi. Ataitikaje jina ambalo kwake ni la mtu mwingine, la mwanamke wa muthokoi? Ni kama wewe uitwe Rajabu na ulaumiwe hukuitika.

Najua kuna atakayeuliza kama mtoto hana jina la kanisa. Analo. Ni Rael. Na mimi ni Rael. Tulimpa yote, hatukubakisha. Shuleni mwalimu ndiye alikuwa anamwita Rael, na pale pia alikuwa haitiki, lakini siku hiyo nilisema ni kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa na jibu la kila kitu.

Hata Mama Kioko akaanza kuitikia kwa kichwa taratibu, akasema kwa kweli hilo jambo la jina lina uzito. Wanjiru alifunga mkoba wake, wakaenda.

Hawajafika kituo nikawa nimeshika simu.

Nikampigia Muthama, alikuwa kwenye foleni ya malori. Nikamwambia hospitali imemwita binti yako mgonjwa wa akili, lakini usijali, mama yako ameshagundua kosa. Nikampigia binti yangu Mueni Mombasa. Nikampigia wifi yangu Kalondu kule kijijini Mwala. Huyo ndiye spika ya ukoo, ukimwambia mmoja umewaambia wote, pamoja na waliohamia Makueni.

Niliongea kama mgombea aliyeshinda. Daktari wa kizungu kingi hata hajui mila, anaita mtoto kwa jina la nyanya yake kisha anashangaa. Watu walicheka sana. Kalondu alicheka mpaka akakohoa.

Muthama hakucheka. Alimpigia mkewe akamkataza kurudi hospitali, akamuuliza kwa nini anamtangaza mama yake kuwa punguani. Mama yake. Alimaanisha mtoto. Sijui kama wenzangu mnaelewa jinsi jambo hili linavyoweza kujisokota.

Wanjiru alinipigia. Hakulia wala hakugomba, aliongea kama mtu anayeomba njia. Akasema, mama, kuna tarehe nyingine tumepewa. Twende pamoja. Ukimwonyesha daktari kosa lake mimi nitanyamaza milele.

Nikasema twende.

Nilivaa suti yangu ya harusi za watu. Nilienda kumsahihisha.

Daktari alikuwa msichana mdogo, sweta ya kijani, nywele amefunga nyuma. Nikamweleza kuhusu jina, kwa Kiswahili kirefu, huku nikigonga meza yake kidogo. Alinisikiza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hilo liliniudhi. Akasema, asante, shosho (ndivyo vijana wa hapa wanavyoita nyanya), hilo sikulijua na ni vizuri umeniambia. Basi mwiteni vile mnavyomwita nyumbani.

Mtoto alikuwa sakafuni, ametugeuzia mgongo, anazungusha gurudumu la kigari cha plastiki.

Wanjiru akaita Mami. Akaita tena.

Mimi nikaita Mwaitu, kwa sauti ya baba yake kabisa, nikaigiza mpaka kikohozi chake. Nikaita Mimi. Nikaita vizuri, kwa upole, vile namwita nikimletea ndizi.

Gurudumu lilizunguka.

Nikasema labda masikio. Daktari alichukua karatasi ya biskuti, akaikunja kidogo huko nyuma, kelele ndogo kama panya. Mtoto akageuka mara moja.

Masikio yalikuwa mazima. Alisikia karatasi. Sisi alitusikia pia. Ni kwamba kuitwa hakukumvuta.

Daktari akasema jina lilikuwa kitu kimoja tu kati ya vingi. Hakumpima kwa jina peke yake. Kisha akaniuliza swali ambalo mpaka leo nikitwanga linarudi.

"Shosho, amewahi kukuletea kitu ili akuonyeshe tu? Si umfungulie, si umpe. Uone tu, mfurahi pamoja?"

Nikafungua mdomo kujibu ndiyo. Kila mtoto hufanya hivyo. Muthama alikuwa ananiletea hata mende. Mueni alinionyesha kila jino lililong'oka, hata la jirani.

Nikatafuta. Nikapitia Krismasi zote, Jumapili zote, ile siku ya ubatizo. Nikatafuta kidole kidogo kikinyoosha "susu, ona". Susu ndiyo nyanya kwa Kikamba. Sikupata.

Wanjiru aliweka mkono wake juu ya wangu, na ndiyo mara ya kwanza huyu mtoto wa watu kunigusa bila kusalimia.

Daktari akaeleza. Mtoto ataendelea kuwa hivyo, lakini anaweza kusaidiwa sana. Akasema apelekwe kwa therapist wa kuongea, na shule fulani ya msingi huku Eastlands ina darasa la watoto kama yeye, nafasi ipo. Na nyumbani aongeleshwe kwa maneno mafupi, wazi. Keti. Ngoja. Hapana. Aitwe jina moja, hilo hilo, na watu wote.

Wanjiru akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hawezi kumwambia hapana.

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa.

Tukarudi. Na sasa ndio uchovu ninaousema unaanza.

Mara ya kwanza kuwaambia watu ilikuwa rahisi kama kugawa peremende. Mara ya pili ilikuwa kama kupanda gorofani na mitungi ya maji, na kila nyumba ukifika mlango umefungwa kwa kufuli uliyoiweka mwenyewe.

Nikampigia Mueni. Mama, si ulisema daktari amekosea? Nikaeleza karatasi ya biskuti. Akasema labda mtoto alikuwa na njaa.

Nikamwambia Mama Kioko. Akasema lakini ile hoja yako ya jina ilikuwa nzuri sana, Syombua, mimi iliniingia. Alinitetea dhidi yangu.

Nikamwambia jirani yangu hapa Mbotela, ambaye nilikuwa nimempa ile hadithi bure bila hata kuniuliza. Akaniambia hospitali zinatafuta wateja tu.

Kila mtu alinirudishia maneno yangu, yakiwa yamepigwa pasi. Nilikuwa nimewafundisha vizuri. Nikieleza, nasimama, nameza maji, naeleza tena. Nikimaliza mmoja, mwingine anapiga kuuliza kama ni kweli nimebadilisha msimamo, kama mimi ni mbunge.

Kalondu ndiye aliyenimaliza. Yeye aliamini, tena haraka. Akasema, basi ni jina. Tumwondolee. Tuite mchungaji tumpe jina lingine, jina lisilo na mambo.

Jina lisilo na mambo. Nimeishi na hilo jina nikazika mume, nikalea wawili, sijawahi kuomba mtu chumvi. Leo limekuwa upele, wa kukunwa mtoto apone.

Nikamwambia Kalondu, daktari amesema si jina. Akasema, lakini si wewe ulisema daktari hajui mambo ya majina?

Nilikata simu. Nikalala na viatu, mchana.

Muthama alirudi wiki hiyo. Hakwenda kwake kwanza, alinijia mimi, na Wanjiru na mtoto wakamfuata Jumapili mchana. Alikuwa ameshaongea na Kalondu, nikajua kwa vile alivyoketi.

Akasema ameamua. Mtoto atapelekwa Mwala kwa shangazi Kalondu. Kuna uwanja, hakuna kelele, hakuna watu wa kumwangalia. Akikua kidogo atakaa sawa. Na hilo darasa la shule asilisikie tena, hapeleki Mwaitu wake kwa darasa la vichwa vibovu.

Wanjiru alikuwa amesimama mlangoni. Hakupandisha sauti. Alisema, Mami akienda na mimi naenda. Lakini si Mwala. Murang'a, kwa mama yangu, na hatutarudi.

Muthama akaniangalia. Alikuwa anangoja niseme kitu cha kumrudisha mkewe kwenye mstari, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa upande wake tangu ile simu ya foleni. Nyumba yao ilikuwa inapasuka pale kwenye kochi langu, na nyundo nilimpa mimi.

Mtoto alikuwa sakafuni anapanga punje za mahindi yangu.

Nikamwambia Muthama nilikuwa nimekosea. Nikaeleza ile siku, swali la daktari, kidole ambacho sikukipata. Alinikatiza.

"Mama, unanichanganya. Juzi unasema mzima, leo unasema mgonjwa. Na kama yeye ni mgonjwa, wewe ni nini? Si ni wewe?"

Hapo ndipo nilipoona alichokuwa anaogopa. Hakuwa anamwonea binti yake aibu. Alidhani anaambiwa amtupe mama yake kwa darasa la vichwa vibovu.

"Muthama, niangalie. Mimi nilipokuwa wa umri wake nilikuwa naongea mpaka mbuzi wanaondoka. Nilichapwa kwa sababu ya mdomo. Nilikuwa nafuata wageni hadi barabarani. Lini umewahi kuniona nimenyamaza?"

Aliangalia punje sakafuni.

"Huyo hafanani na mimi. Nimetafuta, hafanani hata kidogo. Tulimvisha mimi kama gauni kubwa, tukashindwa kumwona ndani. Mimi ndiye mama yako, niko hapa, sijaenda popote. Huyo ni mtoto wako."

Kusema hivyo kuliniuma, wakuu, msidhani ni maneno mepesi. Nilikuwa najitoa mahali nilipopapenda sana.

Kisha nikamgeukia Wanjiru. Nikamwambia kuanzia leo huyu ni Syombua kwenye mdomo wako, jina lote, na akikosea mwambie hapana. Ukimwambia hapana hujaniambia mimi. Na ukitaka kuniambia mimi hapana, pia niambie, nimezeeka sitavunjika.

Alijaribu. Midomo ilifunguka, jina likakataa kutoka. Miaka yote hiyo amefundishwa kulimeza. Alisema tu "Syo", akashika ukuta.

Muthama aliinuka akatoka nje. Nilimwona kupitia dirishani amesimama karibu na kamba ya nguo, mikono mfukoni, anaangalia shati la mtu. Alikaa huko muda. Mimi sikumfuata. Sikuwa na maneno tena, nilikuwa nimeyatumia yote kwa watu wasiohusika.

Ikafika saa ya mtoto kula. Wanjiru akaingia jikoni kwangu. Hapo Muthama akarudi, akapita mbele yangu kama hanioni, akasimama kwenye mlango wa jikoni na ule mwili wake wote wa dereva.

"Anakula nini?"

Wanjiru alidhani hajasikia vizuri.

"Nakuuliza. Huwa nakuta ameshakula au amelala. Anakula nini?"

Akamwambia mkate mweupe, uliotolewa kingo, na usikatwe kwa kisu chenye siagi. Wali ukiwa mkavu. Yai, akiona likivunjwa, hali.

Akauliza, na anaogopa nini?

Wanjiru akaanza. Mlio wa prisha kuka, ile sufuria ya mvuke. Mlio wa pikipiki ikiwashwa. Lebo ya nguo shingoni. Watu wakiimba siku ya kuzaliwa. Akauliza, na anapenda nini? Wanjiru akasema anapenda mkono mzito wa mtu ukilala juu yake, usimkumbatie, umwekee tu mkono. Anapenda maji ya bomba yakipita kwenye vidole. Anapenda lori lako likizima injini, ile pumzi ya mwisho ya breki, hucheka, hujawahi kuona kwa sababu uko juu kwenye kiti.

Aliendelea. Mambo ya miaka. Sauti yake ilikuwa imekauka, na ilikuwa inazidi kupata nguvu. Muthama ameegemea fremu ya mlango, akiitikia kwa kichwa tu kama mtu anayeelekezwa njia ambayo hajawahi kuiendesha.

Mimi nilichukua kigoda changu nikaenda kukaa nje. Hakuna aliyenihitaji kueleza.

Mtoto hakwenda Mwala. Yuko kwenye lile darasa. Muthama akiwa Nairobi ndiye anampeleka, na wazazi wenzake wanasema hushuka akakaa nje ya geti mpaka asikie hakuna kilio. Kuna watu wa ukoo ambao mpaka leo wanasema ni jina, na wengine wanasema hospitali ilikosea kama nilivyosema mimi siku ya kwanza. Siwapigii tena. Wanjiru sasa analitaja jina, lakini bado anashusha sauti kama yuko kanisani. Mtoto wakati mwingine anageuka, wakati mwingi hageuki.

Nilichojifunza ni kidogo. Ukipewa habari ya mtoto wako, kaa nayo kwanza kabla ya kushika simu. Usikimbilie kutangaza ile sehemu inayokupendeza, kwa sababu utaifuata nyumba kwa nyumba ukiirudisha, na watu hawarudishi. Na kama kuna mama mkwe anasoma hapa, chungulia kama mke wa mwanao anajaribu kukuambia kitu. Anaweza kuwa ameanza tangu mwaka jana.

Mwenye mtoto kama wetu aseme hapa chini aliwaambiaje watu wake, hasa wale wabishi. Matusi mkitaka leteni, nimeuza barabarani miaka mingi, ngozi ninayo.

Lakini zaidi nataka mnisaidie na hili. Nywele. Hataki kuguswa kichwa kabisa, chanuo akiliona anaingia chini ya kitanda, na Wanjiru hataki kumnyoa kwa nguvu. Nyinyi wenzangu mnawasukaje?